Maswali ya Wasomaji: Binti Ameletwa Mjini, Nani Ameandika Jina Lake?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwenye jumuiya na sharika za Dar es Salaam, na karibu zote zinauliza kuhusu mabinti na vijana wanaoletwa mjini, au wanaopelekwa nje, kwa ahadi ya kazi au shule, kisha wakatumikishwa. Tumechagua sita. Majina ya waulizaji tumeyaacha, na mitaa mingine tumeibadilisha ili anayezungumziwa asitambulike.

*Tumsifu Yesu Kristo. Katika jumuiya yetu hapa Tabata kuna nyumba yenye binti mdogo, tunamkadiria miaka 13. Saa kumi na moja alfajiri tunamsikia akifua na kuosha magari. Hatoki getini, Jumapili haji kanisani. Kina mama wenzangu wanasema twende kwa wingi tukamtoe. Mimi naogopa. Tufanyeje? (Katibu wa jumuiya)*

Milele na milele, amina. Woga wako una sababu, mama. Msiende kumtoa.

Watu wakijaa getini, jambo la kwanza linalotokea ni binti kuhamishwa usiku ule ule kwenda kwa ndugu mwingine wa mwenye nyumba, Kigamboni au Chanika, na hapo ninyi mmempoteza. La pili, mkifanikiwa kumchukua bila mwenye mamlaka, mwenye nyumba anaweza kwenda polisi kusema mmemwibia mtoto, na kesi inaanza kwa kuwahoji ninyi. La tatu, binti mwenyewe ataogopa. Ameshaambiwa mara nyingi kwamba watu wa nje ni wabaya, na kundi linalopiga kelele getini litamthibitishia.

Fanyeni hivi. Mtu mmoja, si kumi, awe na daftari. Aandike tarehe, saa na kitu kilichoonwa kwa macho. "Wanasema anapigwa" haina uzito. "Jumanne, saa 11:20 alfajiri, amebeba ndoo mbili za lita 20, mkono wa kushoto una jeraha bichi" ina uzito. Aandike pia rangi ya geti na namba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, maana ofisa akija na maelezo ya "ile nyumba karibu na duka la Mangi" atazunguka mpaka mtaa mzima ujue. Picha ya binti isiingie kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Huwezi kujua nani humo ni rafiki wa mwenye nyumba.

Akitumwa dukani, mama mmoja mpole anaweza kumsalimia na kumuuliza mambo matatu tu: jina lako nani, kwenu wapi, ulikuja na nani. Asimwahidi kumtoa, na asimchimbe kuhusu kubakwa au kupigwa. Mahojiano hayo yana watu wake waliosomea, na mtoto akirudia habari ile mbele ya watu watano, kila mara ikatoka tofauti kidogo, wakili wa upande wa pili ataitumia tofauti hiyo.

Kisha toeni taarifa. Simu namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na ni bure. Ofisa ustawi wa jamii mtampata kupitia ofisi ya kata au ya manispaa. Polisi, ombeni Dawati la Jinsia na Watoto, na msiondoke bila namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, maana bila hiyo hamtakuwa na pa kuanzia mkirudi kufuatilia. Akiwa kwenye hatari saa hiyo hiyo, pigeni 112. Kwa kawaida tungesema mwanzie mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, lakini ikiwa ana urafiki na nyumba ile, mrukeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, manispaa ikiwemo, kwa hiyo msijione wambea.

Mkiambiwa "huyo ni ndugu yao, wanamsaidia", rudini kwenye sheria. Chini ya miaka 14 mtoto haajiriwi kazi yoyote. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008, inafuata msingi wa Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara hiyo: kwa mtu mzima huangaliwa tendo, njia na lengo, yaani kwamba alisafirishwa au kupokelewa, kwa udanganyifu au vitisho, ili anyonywe. Kwa aliye chini ya miaka 18, njia haihitajiki. Hata kama alikuja akicheka na begi jipya mkononi, hata kama mama yake mzazi ndiye aliyempandisha basi, aliyempokea kwa lengo la kumtumikisha bado ana kosa la kujibu.

Mkisikia amefanyiwa ukatili wa kingono, saa ndiyo kila kitu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi (nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi), na apelekwe hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukaa mahali pamoja. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inahitajika, lakini mgonjwa aliye hoi atibiwe kwanza.

*Mimi naishi Sinza, nina watoto wawili wadogo na kazi ya ofisini. Kuna mama wa kanisani kwetu huwa analeta wasichana kutoka Singida, unampa nauli na shilingi elfu hamsini za shukrani. Wanawake wengi tunamtegemea. Je, natenda kosa?*

Dada, kutafuta msaidizi wa nyumbani si kosa, na kuuliza kabla ya kuagiza kunaonyesha una moyo. Linalotutisha ni ile elfu hamsini. Mtu anayelipwa kwa kichwa anachuma kwa kuleta wengi na kwa kuwahamisha haraka. Binti akikaa miezi mitatu akaondoka, dalali analipwa tena kwa kumweka nyumba nyingine, kwa hiyo hana sababu ya kutaka atulie. Akiwa ni "mama wa kanisani", wazazi kule kijijini hawamuulizi chochote. Imani yao kwa kanisa ndiyo inayomfungulia milango.

Kabla hajapanda basi, zungumza na mzazi wake kwa simu wewe mwenyewe, si kupitia dalali. Muulize umri, kisha omba picha ya cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo. Wasichana wengi wamefundishwa kusema "kumi na minane". Muulize amezaliwa mwaka gani na alimaliza darasa la saba mwaka gani, halafu piga hesabu mwenyewe. Akiwa bado wa shule, mwache shuleni. Sisi tungekushauri usichukue aliye chini ya miaka 18 hata kwa kazi nyepesi ambayo sheria inaruhusu kuanzia miaka 14, kwa sababu kazi ya kulala nyumbani kwa mwajiri na kulea watoto usiku na mchana haibaki nyepesi.

Mshahara uwe kwenye maandishi na usipungue kima cha chini kilichotangazwa na serikali kwa wafanyakazi wa majumbani. Ofisi ya kazi itakupa kiwango cha sasa. Umlipe yeye, mkononi mwake au kwenye laini yake ya simu yenye jina lake. "Natuma kwa baba yake" ni mlango mpana wa dhuluma hata pale unapotuma kweli. Nauli uliyomletea usimkate: ukimkata, anaanza kazi akiwa na deni, na deni ndiyo kamba ya zamani kuliko zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu kama inavyokuhusu wewe ofisini. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka ni siku 28. Vitambulisho vyake akae navyo mwenyewe, na simu yake usiifungie kabatini.

Na yule mama wa kanisani? Mwambie mchungaji au paroko wako wiki hii. Huenda hajui madhara ya anachofanya. Huenda anajua. Kwa vyovyote, kanisa lisitangaze dada wa kazi madhabahuni wala kwenye ubao wa matangazo bila kujua nani anawaleta na nani anawafuatilia baada ya kufika.

*Usharika wetu uko Kimara, si mbali na stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Vijana wanataka kuweka meza stendi ya kupokea mabinti wanaofika peke yao. Tuanzeje? (Mchungaji)*

Baba Mchungaji, anzeni na barua, meza itafuata. Andikeni kwa uongozi wa stendi na kituo cha polisi kilichopo, nakala kwa ofisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Ubungo. Bila kibali mtakuwa kundi jingine la watu wanaowavuta abiria mikono, na mabinti wamechoka kuvutwa na wapiga debe na bodaboda.

Kila zamu iwe na watu wawili, mmoja awe mwanamke, wakiwa na vizibao vyenye jina la usharika na vitambulisho vyenye picha. Wafanyabiashara ya watu nao hujifanya watu wa kanisa, kwa hiyo mchujo wa wanaojitolea ni kazi nzito kuliko meza yenyewe: wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, na miezi kadhaa ya kuonekana usharikani kabla mtu hajapewa kizibao. Anayeng'ang'ania zamu ya usiku akiwa peke yake, mwondoeni.

Waangalie nini? Msichana aliyeshuka na kipande cha karatasi chenye namba moja tu ya simu. Mtu mzima mmoja mwenye wasichana watatu au wanne wasiofahamiana, tiketi zote ziko kwake. Mtoto asiyejua anakwenda mtaa gani, au anayetazama uso wa mwenzake kabla ya kujibu. Aliyekaa tangu alfajiri na aliyeahidiwa kupokelewa hapokei simu. Makondakta mara nyingi walishaona njiani. Jengeni nao urafiki, kikombe cha chai kinatosha.

Mkimpata, mpeni maji na simu ampigie mzazi wake, kisha mpelekeni polisi wa stendi au mwiteni ustawi wa jamii. Asilale kanisani, asilale kwa mchungaji, hata akiwa analia na mvua inanyesha. Tunajua jambo hili linauma. Lakini makao ya watoto yanahitaji leseni, na kanisa linalolaza watoto bila utaratibu linajenga tabia ambayo mtu mbaya ataitumia kesho. Njia halali ipo: waumini wenye nyumba tulivu waombe ustawi wa jamii wapimwe na kufundishwa kuwa familia za kuaminika, zinazompokea mtoto kwa muda huku ndugu zake wakitafutwa. Familia tatu zilizopitishwa zitaokoa watoto wengi kuliko meza tatu.

*Mimi ni katekista. Kila Februari 8 tunasali kwa ajili ya waliouzwa, kisha tunarudi nyumbani. Kuna jambo gani la kufanya zaidi?*

Siku hiyo ni ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, na Papa Fransisko aliifanya kuwa siku ya sala dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu kuanzia mwaka 2015. Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa tena na tena. "Bakhita", yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na waliomteka. Lake la kuzaliwa alilisahau kwa ajili ya hofu.

Tulieni hapo kwenye jina. Hapa mjini kuna nyumba ambazo binti ameitwa "dada" miaka miwili na hakuna jirani anayejua aliitwa nani kwao. Anayemtumikisha anapata nguvu hapo: kule kijijini hawajui yuko nyumba gani, huku mjini hawajui ametoka wapi. Kanisa liko pande zote mbili za safari hiyo. Lina parokia alikotoka na parokia alikofika, na tayari lina kawaida ya kumwandikia barua ya utambulisho mwanandoa mtarajiwa au mwumini anayehama. Itumieni kwa mabinti.

Parokia ya kijijini ikisikia msichana au mvulana anakwenda Dar, iandike karatasi moja: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, mwaka wa kuzaliwa, jina na simu ya mzazi, jina na simu ya anayempeleka, nyumba na mtaa anakokwenda, mshahara au shule iliyoahidiwa, na tarehe ya safari. Nakala moja ibaki parokiani, moja kwa mzazi, moja ipigwe picha na kutumwa kwa parokia ya Dar siku ile ile. Anayempeleka akigoma kutaja mtaa au kutoa namba yake, safari isubiri. Kukataa huko kumeshakuambia jambo.

Huku Dar, katibu wa jumuiya ya eneo hilo aende kumsalimia ndani ya siku saba, kama anavyomsalimia mgeni yeyote. Aende na mtu wa pili, abishe hodi mchana, aombe kumwona binti na kumkaribisha kwenye jumuiya. Mwajiri mwema atafurahi. Mwajiri anayemficha atajua kwamba kuna mtu mwenye karatasi. Arudi baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu, kwa sababu wengi huhamishwa nyumba ya kwanza mapema na anwani ya mwanzo hufa. Kasoro ya mpango huu ni kwamba hufa pia katibu akibadilika. Daftari liwe mali ya parokia, lifungiwe ofisini, lisibaki kwenye simu ya mtu. Na kwa kuwa si mabinti wote ni Wakristo, zungumzeni na imamu wa msikiti jirani mgawane mitaa.

*Shikamooni. Mimi ni kijana wa kwaya, Mbagala, nimesomea tehama. Mtandaoni nimepata kazi ya huduma kwa wateja Thailand, dola 1,500 kwa mwezi, tiketi wanalipa wao. Dada yangu naye amepata wakala wa kazi za ndani Oman. Tutajuaje kama ni kweli?*

Marahaba. Yako inatutia hofu zaidi. Kuna vijana kutoka nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwemo, waliotua Bangkok kwa ahadi kama hiyo, wakapakiwa kwenye gari hadi Mae Sot mpakani, wakavushwa mto kuingia Myawaddy, Myanmar. Huko wamefungiwa kwenye majengo yenye walinzi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Tiketi "ya bure" hugeuka deni, na familia hudaiwa fidia. Kijana anayejua Kiingereza na kompyuta ndiye wanayemtaka. Kazi halali huanza na viza ya kazi kabla ya safari. Wakikwambia uingie kama mtalii, "vibali tutashughulikia huku", usiende.

Kwa dada yako, wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Msiulize kwa wakala mwenyewe. Nendeni ofisi za TaESA, huduma za ajira za serikali, mkaulize kama anatambulika. Mkataba ausome kwa lugha anayoielewa kabla ya kusaini, uonyeshe jina la mwajiri, mshahara, siku ya kupumzika na nani analipa tiketi ya kurudi. Akiambiwa apande basi hadi nchi jirani ndiyo akakamate ndege huko, aulize kwa nini asiondokee uwanja wa Julius Nyerere.

Kwaya humuaga mwenzao kwa chakula na zawadi. Kabla ya chakula, watu watatu wabaki na nakala ya pasipoti, viza na mkataba, simu ya wakala, na namba ya ubalozi wa Tanzania wa huko anakokwenda. Kwa Oman uko Muscat. Mkubaliane siku ya kupiga simu kila wiki, na swali la siri: akiuliza "shangazi wa Lindi amepona?" na hamna shangazi Lindi, mjue hayuko huru kusema. Siku hiyo hiyo pelekeni nakala zile polisi na Wizara ya Mambo ya Nje. Mkidaiwa fedha ili aachiliwe, zungumzeni na polisi kabla ya kutuma hata senti, maana malipo ya kwanza mara nyingi huzaa ya pili.

*Binti mmoja wa usharika wetu amerudi baada ya mateso makubwa. Wazee wanataka atoe ushuhuda Jumapili, watu waguswe na kumchangia. Ni sawa?*

Hapana, ndugu mzee wa kanisa. Kesi yake huenda iko mahakamani, na maneno yaliyorekodiwa kwa simu za waumini yatafika kwa washtakiwa. Majirani watamkumbuka kwa aliyotendewa hata akiwa bibi harusi. Na ukimsimamisha mbele ya watu siku chache baada ya kurudi, hawezi kukataa, kwa sababu ninyi ndio mnaomlisha.

Mchangieni bila kumtaja. Mhasibu aseme "mwenzetu ana uhitaji", inatosha. Fedha zisipite kwa mjomba au shangazi mpaka mjue nani alishiriki kumpeleka. Zilipe vitu: nauli za kliniki na mahakamani, ada ya veta au cherehani anayoitaka yeye, simu ndogo yenye laini mpya. Mama mmoja tu, aliyemchagua binti mwenyewe, amsindikize kila tarehe ya kesi. Kesi huahirishwa mara nyingi, na shahidi asiye na wa kwenda naye huweza kuchoka akaacha kufika mahakamani.